Hajambo, Amekunywa Chai

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Ipo mahali pazuri, ina mvua mbili kwa mwaka, ina wimbo wa taifa mrefu kuliko nyimbo za majirani zake wote, na ina serikali inayotupenda kiasi kwamba haijawahi kutuacha peke yetu hata siku moja. Mimi kazi yangu ni kutengeneza miavuli. Sina ugomvi na mtu. Haya nayasema kwa kuisifu nchi yangu, na msomaji atakayeona kitu kingine humu ndani, basi hicho amekuja nacho mwenyewe kutoka kwao.

Kiongozi wetu anaitwa Baba Mlezi. Kabla sijaendelea ni wajibu wangu kusema kwamba hajambo. Kila asubuhi redio hutangaza, kabla ya bei ya mchele na vita vya watu wengine, kwamba Baba Mlezi ameamka salama na amekunywa chai. Tunashukuru. Siku za sherehe kiti chake huwekwa jukwaani, feni huelekezwa kwenye kiti kisione joto, na mawaziri hupita mmoja mmoja wakikiinamia. Mwaka juzi Waziri wa Habari alisema Baba Mlezi alitabasamu alipoona halaiki ya watoto. Mimi nilikaa nyuma sana, sikuona vizuri.

Kwa kuwa ana mambo mengi ya kumchosha, Baba Mlezi alimwandikia hati ya uwakili msaidizi wake, ambaye sasa tunamwita Mshika Kalamu. Hati ya uwakili, kwa asiyeijua, ni karatasi ambayo mtu humpa mwenzake ili atie sahihi na asimame mbele ya wakubwa kwa niaba yake. Mshika Kalamu anatia sahihi tangu wakati ule na mkono wake haujachoka. Hati hiyo ina sharti moja tu la kukera: mtoaji akifa, nayo inakufa saa ile ile. Kwa hiyo utaona mwenyewe kwamba afya ya Baba Mlezi si jambo la madaktari peke yao.

Kuna sheria nyingine ndogo, niitaje sasa nisije nikaisahau. Mirathi yote ya nchi yetu huamuliwa na Baba Mlezi mwenyewe, kwa mkono wake, kwa upendo wake, na hilo hakulitia katika hati. Mtu akifa, nyumba yake na shamba lake hushikwa na Serikali mpaka Baba Mlezi apate nafasi ya kuwagawia wanawe. Bado hajapata nafasi.

*

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Bwanaheri, mwosha maiti wa mtaa wetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Watu walimwogopa kidogo, kama wanavyoogopwa watu wa kazi ile, lakini hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuingia kwa msiba. Akitoka ndani alikoosha huwezi kumtoa neno. Marehemu alikuwa na kovu, alikuwa na uvimbe, alikuwa amekonda vipi, hayo yalibaki na maji yaliyomwagwa. Ndiyo adabu ya kazi yao.

Mchana mmoja, zamani kidogo, gari jeusi lisilo na namba lilisimama mlangoni pake. Wakamwita yeye na ndoo yake. Alirudi jioni ameshika mfuko wa sukari aliopewa, akauweka nje kwenye baraza, na ule mfuko ulikaa pale hadi sisimizi wakaumaliza. Mtaani pakavuma uvumi wa kijinga. Mimi sikuuamini. Nilijua lazima alikwenda kumwogesha Baba Mlezi tu, kwa sababu Baba Mlezi ni mzima, na hata wazima huoga.

Kuanzia kesho yake ndipo redio ilipoanza kutueleza habari za chai.

*

Mzee Bwanaheri alipopatwa na kiharusi, miguu yote miwili ilikataa, akawa mtu wa kitandani. Akauguzwa na binti yake wa pekee, Mwajabu, mwanamke wa makamo, mshonaji wa sare za shule, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika hadi kwangu. Mkewe mzee, Bi Kibibi, alikuwa amekwisha kutangulia siku nyingi, naye alizikwa katika kishamba chao cha Kitopeni, kando ya mstafeli. Mzee alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilirudia mpaka tukalizoea: alazwe pale, ubavuni mwa Kibibi.

Basi ikaja barua kutoka Baraza la Viwanja. Serikali ilitaka kujenga Kitopeni Bustani ya Afya Njema ya Baba Mlezi, yenye chemchemi ya umbo la birika. Mwenye shamba asiyetaka kulitoa alitakiwa afike mbele ya Baraza kwa miguu yake, au atume mwakilishi mwenye hati ya uwakili. Asiyefika atahesabiwa ametoa kwa furaha. Makaburi yatakayokutwa yatahamishiwa mahali patakapofaa.

Mwajabu alinisomea barua ile huku amesimama. Alipofika kwenye makaburi, aliacha kusoma, akaikunja, akaniuliza kama ningekubali kuwa shahidi wa hati. Nikakubali. Mwavuli ukivunjika unaupeleka kwa fundi, na jirani akikuita unakwenda.

*

Nchini kwetu hati ya uwakili haiandikwi hivi hivi. Lazima kwanza ithibitike kwamba mtoaji ana akili timamu, maana kuna watu wangeweza kutoa madaraka yao yote kwa mtu mwingine wakiwa hawajitambui, na jambo hilo lingekuwa aibu kwa taifa. Kazi hiyo ina ofisa wake, Msajili wa Akili Timamu. Alikuja kwa mzee na mkoba, muhuri, kidau cha wino na kiti chake mwenyewe cha kukunja, kwa sababu viti vya wananchi haviaminiki.

Sheria inataka mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza humtazama mtoaji anapoweka dole gumba. Shahidi wa pili humtazama shahidi wa kwanza. Huyo wa pili alikuwa Msajili mwenyewe, na kabla hatujaanza alinitazama kwa muda mrefu akifanya mazoezi.

Akatoa hotuba. Alisema kutoa uwakili ni kitendo kitakatifu, kwamba Baba Mlezi ndiye mtoaji wa kwanza na sisi sote tunafuata nyayo zake, na kwamba kila dole gumba linalotiwa wino nchini ni mjukuu wa dole gumba lile. Kisha akauliza maswali ya akili. Jina lako nani? Mzee akajibu. Leo siku gani? Akajibu.

"Baba Mlezi anaendeleaje?"

Hilo ndilo swali la mwisho, na jibu lake analijua hata mtoto anayejifunza kusema. Mzee Bwanaheri aliangalia dari. Msajili akarudia. Mwajabu akamgusa baba yake begani, akamwambia kwa sauti ya chini ajibu tu kama redio. Mzee akafumba macho. Alikuwa na ulimi, alikuwa amekwisha kutaja jina na siku, lakini hapo hakusema kitu.

Msajili aliandika kwamba akili ya mtoaji ni timamu hadi swali la pili, akakunja kiti chake, akatuachia siku za kutafakari.

*

Alipokwenda zake nilitaka kuaga, Mwajabu akanizuia. Alitaka niwepo. Alikaa chini, kwenye mkeka, uso wake usawa wa mto wa baba yake.

"Baba, ni neno moja tu," alisema. "Nchi nzima inalisema."

"Wao hawakumwosha," mzee akasema.

Sijawahi kumsikia akitamka hivyo, si kabla wala baada yake. Nilijifanya naangalia mwavuli uliokuwa umesimamishwa pembeni, ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Nilimfunika, mwanangu. Nikishamfunika mtu simfunui tena. Siwezi kusema amekufa, hiyo siri nilipewa. Na siwezi kusema mzima, mikono yangu inajua. Niache ninyamaze."

"Na mama?" Mwajabu aliuliza. "Mama nani amfunike, wakija na matrekta?"

Mzee aligeuzia uso wake ukutani. Chai ikapoa bila kuguswa. Nilimwonea huruma mzee, na nilimwonea huruma Mwajabu. Jioni ile sikusikia kicheko upande wa pili wa ukuta.

Siku ya Msajili kurudi, mzee aliomba anyolewe ndevu na avishwe kanzu. Hotuba ikarudiwa yote tangu mwanzo, na dole gumba likapata wajukuu wengine. Jina. Siku.

"Baba Mlezi anaendeleaje?"

"Hajambo," alisema Mzee Bwanaheri. "Amekunywa chai."

Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Msajili alifurahi sana. Aliandika pembeni mwa hati kwamba mtoaji ana akili timamu kupita kiasi, hata afya ya kiongozi wake humliza. Dole gumba likatiwa wino, likabanwa kwenye karatasi. Mimi nikamtazama mzee, Msajili akanitazama mimi, muhuri ukapigwa. Mwajabu akawa mwakilishi wa baba yake kwa mambo yote ya shamba la Kitopeni, maadamu baba yake yu hai.

Tulipobaki wenyewe mzee alimwomba binti yake maji. Si ya kunywa. Alitaka kunawa mikono, na alinawa kwa muda mrefu sana.

*

Asubuhi ya kikao cha Baraza, Mwajabu aligonga mlangoni kwangu. Alikuwa amekwisha kuvaa vizuri, hati iko mkobani. Aliniambia baba yake amefariki alfajiri.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala vile vile, kidole bado kina alama ya wino. Mwajabu alisimama mlangoni, akanieleza kile ambacho wote wawili tulikijua. Hati imekufa. Shamba halina mwenyewe tena, linasubiri mirathi, na mirathi inamsubiri Baba Mlezi. Mama atafukuliwa. Na baba hatakuwa na pa kulazwa, ila pale Serikali itakapoona panafaa. Alisema yote haya pole pole, kama mtu anayemsomea mteja vipimo vya nguo.

Kisha akaingia ndani, akamvuta baba yake shuka mpaka kifuani, si zaidi ya hapo. Akachemsha chai, akamimina kikombe, akakiweka kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Twende," aliniambia. "Tukirudi tutalia."

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umejaa. Kiti cha Baba Mlezi kilikuwa mbele, na kikombe chake mezani, kwa sababu huhudhuria vikao vyote. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuimbisha, aliyezungumza kwa kirefu juu ya chemchemi ya birika na jinsi itakavyovuta watalii. Wenye mashamba waliitwa mmoja mmoja. Zamu ya Mwajabu ilipofika, Mwenyekiti aliikagua hati, akaangalia muhuri, akaangalia dole gumba.

"Mtoaji yu hai?"

Nilimwangalia Mwajabu. Jasho lilikuwa limelowesha ushungi wake hadi shingoni.

"Hajambo," akasema. "Amekunywa chai."

Mwenyekiti akanigeukia mimi, shahidi. Nikasema ni kweli, chai nimeiona kwa macho yangu. Na kwa kweli nilikuwa nimeiona.

Ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa. Mwenyekiti alimtazama Mwajabu usoni, kisha mikononi, nadhani akaona namna alivyoushika ule mkoba. Alivuta hati karibu yake, akainama kana kwamba anasoma herufi ndogo, na sauti ya kuimbisha ikampotea kabisa.

"Unamtilia sukari?" aliuliza.

"Kidogo," Mwajabu alijibu.

"Mimi mama yangu humpelekea kavu, bila sukari. Mwaka wa nne huu." Akapiga muhuri. "Shamba libaki kwa mwenyewe, maadamu yu hai. Anayefuata."

*

Kwa hiyo mzee hakufa, na mtu ambaye hakufa hawezi kuwekewa matanga. Hakuna kufunga turubai, hakuna kupika cha wageni, hakuna kulia. Nilimwosha mimi. Sikuwa mwosha, lakini aliyekuwa mwosha ndiye aliyekuwa amelala pale, na hakuwa amemfundisha mtu mwingine. Nilifanya kwa kukumbuka nilivyomwona akifanya kwa baba yangu. Nilichokiona kwenye mwili wake sitakisema.

Tulimpeleka Kitopeni mchana kweupe, kwenye mkokoteni, chini ya fito na majembe, na pingili za muhogo zimemfunika. Sikumwambia mtu, Mwajabu hakumwambia mtu, lakini tulipofika walikuwepo majirani wengi tu, kila mmoja na jembe lake na pingili zake, wamekuja, walivyosema, kumsaidia Mwajabu kupanda. Shimo lilichimbwa haraka mno kwa shimo la muhogo. Sala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu, na aliyetutazama kutoka barabarani aliona wakulima wamesimama safu wakipumzika. Kisha tukafukia, tukapanda juu yake mistari iliyonyooka, ubavuni mwa Bi Kibibi, kama alivyotaka.

Mwajabu hakulia. Polisi wa kata alipita na baiskeli, akatuuliza habari za shamba, akatuambia tusipande karibu karibu. Alivua kofia akiongea na sisi. Huenda lilikuwa joto.

Mambo yakaendelea hivyo. Msajili alipita kila alipojisikia kuhakiki uhai wa watoaji, na Mwajabu humwambia mzee amelala. Msajili huchungulia, huona kikombe kinatoa moshi kando ya kitanda kilichotandikwa, huandika. Mtaani tuliulizana kama kawaida, mzee hajambo, hajambo, amekunywa chai. Nikaanza kusikia jibu hilo kwa namna nyingine. Mama yake Fundi Rashidi, ambaye hatukuwa tumemwona barazani kwa miaka kadhaa, hajambo, amekunywa chai. Mzee wa duka la kona, hajambo. Pacha wa mshona viatu, hajambo. Nilikuwa nimekaa nao miaka hiyo yote nikiwasifu kwa maisha marefu. Na Mwajabu aliendelea kushona sare, akizungumza, akipokea wateja, lakini kile kicheko hakikurudi, na kilio hakikuja. Mchana mmoja aliniambia kifuani mwake kimo kitu kama kitambaa kilichomezwa. Nilimpelekea miavuli ya bure, ambayo hakuihitaji.

*

Sijui nini kilimchosha Mshika Kalamu. Siku moja Bunge liliitishwa kwa dharura, likapitisha kwa shangwe na kwa kauli moja sheria inayosema kwamba hati ya uwakili haifi tena kwa kufa kwa mtoaji, na kwamba mirathi sasa itaamuliwa na mwenye hati. Mshika Kalamu aliitia sahihi palepale. Saa chache baadaye redio ikakatiza muziki. Baba Mlezi alikuwa amefariki asubuhi ile, ghafla, baada ya kunywa chai.

Tukaamriwa kulia. Tangazo lilitaka tulie hadharani, kwa sauti, bila kujizuia, na wajumbe wa mitaa wapite kuhakikisha. Mwajabu alikuwa anampima mtoto wa watu kanzu ya madrasa. Aliweka chini futi ya kupimia, akatoka nje, akasimama katikati ya njia, na sauti iliyomtoka sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Akaanguka magotini. Mke wa mshona viatu akatoka, akamshika, wakalia pamoja, kisha mke wa mzee wa duka la kona, kisha mtaa mzima. Mimi nililia mpaka nikakosa sauti, na sikuwa namlilia aliyetajwa redioni. Waandishi wa nchi za mbali walikuja wakapiga picha, wakaandika kwamba hawajapata kuona watu wanaompenda kiongozi wao kiasi kile. Mjumbe wetu alipita na daftari kuhakikisha, lakini hakuandika kitu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani kwa watu, kaziba uso, analia.

Kesho yake kwenye ofisi ya vizazi na vifo mstari ulizunguka jengo. Mwenyekiti wa Baraza la Viwanja alikuwa mbele yetu, kimya, ameshika kitambulisho cha mama yake. Karani hakumwinulia mtu uso. Alimwuliza Mwajabu mzee amefariki lini, Mwajabu akasema jana, na karani akaandika jana, kama alivyowaandikia wote waliotangulia. Wizara ya Afya baadaye ilitangaza kwa fahari kwamba siku ile moja walikufa wananchi wengi kuliko mwaka mzima uliopita, na kwamba uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha wote walikufa kwa uchungu wa Baba Mlezi. Wamejengewa mnara. Jina la Mzee Bwanaheri limo, upande wa nyuma.

Kutoka ofisini nilimsindikiza Mwajabu hadi kwake. Chai aliyoimimina asubuhi, kwa mazoea, ilikuwa bado ipo kwenye kigoda, imefanya utando juu. Akaibeba mpaka uani, akaimwaga. Akakiosha kile kikombe polepole, ndani na nje, akakifuta, akakifunika.